Uzio usubiri kwanza: jibu kwa mwalimu anayetaka kuulinda uwanja na msitu wa mji wake

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo huku milima ya Usambara. Tuna uwanja mmoja wa mpira karibu na soko, na juu yake kuna msitu mdogo wenye chemchemi. Tangu utotoni tunaambiwa vyote ni vya halmashauri. Uwanja unamegwa pembeni na vibanda, msitu unakatwa kuni. Tumeunda kikundi, tunataka watoto wapate michezo ya Jumamosi na wazee wapate pa kutembea na kupumzika. Mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa hapa amejitolea kuuzungushia uwanja ukuta, na wenzangu wanasema tupokee haraka kabla hajabadili mawazo. Tuanzie wapi?"

Mwalimu, pokea salamu zangu na uwafikishie wenzako pongezi. Nimefanya kazi ya mipango miji katika halmashauri za wilaya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na barua yako imenifurahisha kwa sababu imekuja wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Nyingi hunifikia msingi wa jengo ukiwa umeshachimbwa.

Nianze na ukuta, maana hapo ndipo mna haraka. Mshukuruni sana huyo ndugu, halafu mwombeni asubiri. Ukuta ukijengwa leo utapita mbele ya vibanda, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kuvigusa kwa neno la kikundi kisicho na karatasi mkononi. Kuanzia siku hiyo mpaka wa uwanja utakuwa pale ukuta ulipopita, na kilichobaki nje kitahesabika kimekwenda. Pili, ukuta una geti. Penye geti pana kufuli, na mwenye ufunguo huchukua muda mfupi tu kuanza kuukodisha uwanja kwa harusi na matamasha huku watoto wakichungulia nje. Uwanja ambao watoto hawauingii kila siku hauna wa kuutetea siku utakapotakiwa kwa ajili ya stendi au maduka.

Kinachotangulia ni kujua ardhi ile ni ya nani kwenye maandishi. "Ya halmashauri" inaweza kuwa na maana nyingi. Miji mingi midogo ya Tanzania ilikua kutoka vijijini, na mahali pengine nusu ya mji bado inahesabika kuwa ardhi ya kijiji. Ikiwa hivyo, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli nzito juu ya uwanja kuliko ofisi yoyote ya wilayani. Ikiwa mji wenu umeshatangazwa kuwa mamlaka ya mji mdogo au eneo la mipango miji, mnaingia kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, na karatasi ya kuitafuta ni mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha kila eneo limepangiwa matumizi gani.

Nendeni idara ya ardhi mkaulize mambo matatu. Je, kuna mchoro ulioidhinishwa unaoufikia uwanja wenu? Katika mchoro huo uwanja umeandikwa nini: eneo la wazi, uwanja wa michezo, au umeshaandikwa biashara bila nyinyi kujua? Na je, eneo limepimwa na kuwekewa bikoni, yaani alama za mpaka? Msiende kwa mdomo. Andikeni barua, ipitishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisa anaweza kuhamishwa kesho, lakini nakala yenye muhuri na tarehe itakaa kwenye faili lenu, na anayekuja atalazimika kuijibu.

Mkiambiwa eneo limepimwa, ombeni mpima ardhi aje mtembee naye mpaka wote, pamoja na wazee wawili watatu waliocheza hapo zamani. Bikoni ni kinguzo kifupi cha zege chenye nondo katikati, na namba yake huwa imechorwa juu. Kwenye uwanja wa miaka mingi hamtaiona kwa macho. Imefukiwa na udongo ulioshuka kutoka mlimani, au imekuwa kiti cha muuza chipsi. Mpima atasoma vipimo kwenye ramani, atawaonyesha mahali, nanyi mtachimba kwa jembe taratibu. Kila bikoni inayoibuka ipigeni picha namba ikionekana, kisha ijengeeni duara la mawe na kupaka chokaa. Isiyoonekana mpima aiandike kuwa imepotea na airudishe kwa utaratibu wake. Msijiwekee ya kwenu hata kama mnajua ilipokuwa.

Mkiambiwa hakuna mchoro wala upimaji, msikate tamaa, na msikae kimya. Itisheni suala hilo kwenye mkutano wa hadhara, muhtasari uandikwe na kusainiwa kwamba wananchi wanataka eneo lipangwe kuwa uwanja wa michezo, kisha muupeleke kwa diwani ufike Kamati ya Maendeleo ya Kata na baadaye vikao vya halmashauri. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, na kanuni za viwango vya upangaji wa maeneo za mwaka 2018 zinaitaka itenge maeneo ya wazi na ya kuchezea katika makazi. Mnachoomba kimo ndani ya wajibu wake, kwa hiyo ombeni bila unyonge.

Hata hivyo karatasi peke yake haijawahi kutosha. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ikiwa na kila hadhi ya kiserikali, na leo kilichobaki ni kipande tu cha eneo lake la mwanzo, majengo yakiwa yamekula sehemu nyingine. Msitu wa Karura jijini Nairobi ulitangazwa hifadhi mwaka 1932. Tangazo hilo halikuzuia vipande vyake kugawiwa wajenzi binafsi katika miaka ya 1990. Kilichouokoa ni watu waliojitokeza: Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale wakapigwa na walinzi wa kukodiwa, na kelele zilizofuata zikafanya ujenzi ushindikane. Uzio wa Karura ulikuja miaka mingi baadaye, wakati chama cha jamii na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya walikuwa wameshakubaliana nani anasimamia nini. Leo watu wanakwenda kukimbia, kuendesha baiskeli na kutembeza familia kila siku. Ndiyo maana kila jaribio jipya la kuugusa hukutana na umma unaoujua msitu huo kwa miguu yake.

Kwa hiyo, Mwalimu, mlinzi wenu mkuu atakuwa ratiba. Nasema hili kwa uzito kwa sababu vikundi vingi huiacha ratiba iwe jambo la mwisho, baada ya fedha kupatikana. Ianzeni mwezi huu, na msingoje barua ya ofisi ijibiwe. Asubuhi za siku za shule wapeni walimu wa michezo. Jioni kuanzia saa kumi vijana wa mpira wana saa zao, lakini lazima zigawanywe. Pasipo saa zilizoandikwa, wavulana wakubwa huchukua uwanja wote na wasichana husimama pembeni wakishika mabegi. Wapeni wasichana siku mbili za netiboli au mpira wa miguu, zitangazwe shuleni, msikitini na kanisani, na awepo mama au dada anayesimamia ambaye wazazi wanamjua. Ratiba isiyo na mwanamke anayeisimamia, wazazi wengi hawatawaruhusu binti zao, na wana haki.

Jumamosi ndiyo siku ya watoto. Hamhitaji vifaa vya gharama: mipira miwili mitatu, filimbi, kamba ndefu ya kuruka, chokaa ya kuchorea mistari, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Rede, kukimbia na magunia, kuvuta kamba, yote watoto wanayajua. Kazi yenu ni kuwapo kila wiki, saa ileile, hata wakija sita tu. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe mchezo tangu mwanzo badala ya kuwekwa awe mtazamaji. Waulizeni wazazi wake anachokiweza, watawaambia. Wazee wawekeeni mabenchi kwenye kivuli na bao mbili, na asubuhi wawe na matembezi ya taratibu kuzunguka uwanja. Daktari wa kituo cha afya akiombwa kuja mara moja kwa mwezi kupima shinikizo la damu, mtashangaa nani atafika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tayari ni siku ya usafi nchi nzima. Ifanyeni iwe siku ya uwanja: kufyeka, kuzibua mifereji, kupanda ukoka penye vipara. Ukoka hupandwa kwa vipande vya shina mwanzoni mwa mvua, umbali wa shubiri moja, na sehemu ile ipumzishwe mpaka ishike. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hamishieni mechi kubwa kwingine kwa wiki chache. Mechi moja iliyochezwa kwenye matope ya Usambara huharibu nyasi za mwaka mzima.

Kuhusu wenye vibanda, nawasihi msianze nao vita. Wengi wao ni wazazi wa watoto wenu. Waorodhesheni, mkae nao mbele ya mtendaji, waonyesheni bikoni zilipo. Aliye nje ya mpaka hana tatizo nanyi. Aliye ndani halmashauri imtafutie sehemu sokoni kabla ya kumhamisha, na hilo mlisemee nyinyi kwa sauti ileile mnayousemea uwanja. Siku ya gulio wakihitaji kona moja kwa saa chache, iwekeni kwenye ratiba kwa sharti la kusafisha kabla ya jua kuzama. Mikutano ya siasa, mahubiri na sherehe zifuate daftari hilohilo, mwombaji akiandika tarehe na kuacha amana ya usafi.

Sasa msitu, ambao kwangu mimi ndio jambo kubwa zaidi katika barua yako, ingawa umeutaja kwa sentensi moja.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya mamlaka za serikali za mitaa, ya ardhi ya kijiji, ya vikundi vya jamii, na ya watu binafsi. Wa kwenu unaweza kuwa hifadhi ya serikali ya mtaa, au msitu wa kijiji ambao haujawahi kutangazwa. Ofisa misitu wa wilaya ana orodha. Ukiwa wa halmashauri, ombeni mkataba wa usimamizi wa pamoja, unaoandika nani analinda, nani anaingia, kuni kavu zinaokotwa siku gani, na faini inakwenda wapi. Ukiwa wa kijiji, kijiji chenyewe kinaweza kuutangaza hifadhi, kuunda kamati na kutunga sheria ndogo.

Msiingie kwa amri na viboko. Milima hiyo imeshalijaribu hilo. Mwaka 1946 wakoloni wa Kiingereza walianzisha huko Mlalo, Lushoto, mpango wa kulazimisha watu kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, na wakausambaza sehemu nyingine za Usambara. Nia ilikuwa kuhifadhi udongo, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na wananchi waliipinga mpaka mpango ukafa kabla ya Uhuru. Linganisha na msitu wa Duru-Haitemba kule Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu ule hifadhi yake, wanavijiji wakakataa, na katikati ya muongo huo vijiji vyenyewe vikakabidhiwa kuusimamia kwa mipango yao, walinzi wao na sheria ndogo zao. Msitu ulianza kurudi, na kutokana na uzoefu ule usimamizi shirikishi ukapata nafasi katika sheria ya 2002.

Kwa hiyo waiteni wanaokata kuni, hasa akina mama, kabla ya kuandika katazo lolote. Swali lao la haki ni: tutapika kwa kutumia nini? Jibu liwepo. Kitalu cha miti ya kuni kwenye mipaka ya mashamba, mgrivelia kwa mfano, ambao unakatwa matawi na kuchipua tena. Siku maalumu za kuokota kuni kavu. Majiko yanayotumia kuni chache. Mkaratusi msiupande karibu na chemchemi, hunywa maji mengi. Panda miti ya asili ya hapo, na wazee wa Kisambaa watawaonyesha ipi ilikuwapo. Kumbukeni pia mita 60: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ikiwa chemchemi yenu inaanzisha kijito, sheria hiyo ni silaha yenu dhidi ya shamba linaloteremka kila mwaka kuelekea majini.

Njia ya matembezi ndiyo itakayowafanya watu wa mji waujue msitu. Ichoreni kwa miguu kwanza, mvua inaponyesha, mwone maji yanapita wapi. Kosa la kawaida ni kuifyeka njia moja kwa moja kutoka chini hadi kileleni, na masika moja inatosha kuigeuza korongo. Ipandisheni kwa kukata mlima pembeni na kugeuka kila baada ya hatua kadhaa, isizidi kupanda mita moja kwa kila mita kumi za kwenda. Kila panapoteremka wekeni gogo au mstari wa mawe kwa mshazari, maji yatoke pembeni kabla hayajapata kasi. Wakulima wa Lushoto wamejenga makinga maji kwenye mashamba yao miaka mingi. Mtafuteni mmoja mzoefu. Atawafaa kuliko mhandisi wa kuletwa. Eneo la chemchemi njia ipite mbali, na kiwepo kituo kimoja cha kutazama tu.

Mko jirani na hazina ambayo watoto wenu huenda hawajaiona. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ina zaidi ya hekta 9,000 za msitu wa milimani, na Amani, upande wa mashariki, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, tangu 1997. Ua dogo la zambarau linalouzwa madukani Ulaya kama pambo la dirishani lilipelekwa huko kutoka Usambara mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Mtoto anayejua kwamba ua hilo asili yake ni milima ya kwao ataukanyaga msitu kwa adabu. Wapelekeni darasa moja moja, mkiomba kibali na mwongozaji kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, halafu warudi wafanye kazi hiyohiyo kwenye msitu wenu mdogo: kuandika ndege, kutambua miti, kupima kina cha maji ya chemchemi kila mwezi kwa rula na daftari. Daftari hilo likifika miaka miwili, lina uzito kwenye kikao chochote cha maji.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Uwanja uwe bure kwa wenyeji. Msituni mgeni anayeongozwa anaweza kulipa, ila malipo yapitie utaratibu wa halmashauri, kwa kontroo namba na risiti, na mkataba useme kikundi kinapata sehemu gani. Karibu na Watamu, pwani ya Kenya, kuna daraja la mbao la kutembelea juu ya mikoko ya Mida, na viingilio vyake vimesaidia karo za watoto wa familia zinazozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke. Huo ni mfano mzuri, kwa sababu aliyenyimwa kuni anaona mwanawe akisoma. Lakini msitegemee chanzo kimoja. Wanavijiji wa Usambara Mashariki waliofuga vipepeo na kuuza pupa wao (kipepeo akiwa bado ndani ya kifuko) nje ya nchi waliumia sana mwaka 2016, pale usafirishaji wa wanyama hai ulipopigwa marufuku. Vijana wa kikundi wakijisajili kwa ofisa maendeleo ya jamii wanaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kitalu cha miche kinaweza kuurejesha mkopo kama huo. Mashindano ya mpira hayawezi.

Nirudi kwa mfadhili wenu, maana anangoja jibu na si vizuri kumkatisha tamaa. Mwambieni fedha yake ina kazi ya maana zaidi sasa hivi: gharama za upimaji, choo chenye sehemu ya wanawake na ya wanaume, tenki la kuvuna maji ya mvua, na mabenchi. Bikoni zikishaonekana na suala la vibanda likiisha, na akiwa bado anataka kujenga, basi ajenge ukuta mfupi wa mawe, kimo cha magoti, wenye mianya ya kupita pande zote na usio na geti. Utazuia magari kuingia, utaonyesha mpaka, na watu watakalia wakitazama mechi. Upande wa msituni pandeni masale, ambayo wazee wa milimani wanayatambua kama alama ya mpaka. Jina lake aliandike kwenye jiwe akipenda. Ila kabla hajaleta lori la kwanza la mawe, yeye, kikundi na halmashauri wasaini karatasi moja inayosema kwamba mchango huo haumpi yeye, warithi wake wala mtu mwingine haki yoyote juu ya ardhi ile. Akiwa anaupenda mji kama mnavyosema, atasaini siku hiyohiyo.